Somo: Theluji inavyoonyesha joto linapita wapi

Nipo Minneapolis. Vifaa ni vipimajoto viwili na glavu nzuri. Njooni na watoto.

Hatua ya 1. Amka kabla ya jua, usiku ukiwa ulikuwa mweupe, bila mawingu wala upepo. Tazama gari lililolala uwanjani: paa na kioo cha mbele vimeota jalidi, milango kidogo tu. Lililolala chini ya banda ni safi. Paa lililo wazi hurusha joto lake angani usiku kucha, likawa baridi kuliko hata hewa inayoligusa.

Hatua ya 2. Hii ndiyo niipendayo. Tafuta theluji ya kina cha sentimita 30 hivi. Laza kipimajoto kimoja juu, kingine kizamishe hadi kwenye udongo, ufukie tundu, usubiri dakika 15. Januari nilisoma nyuzi -16 za Selsiasi juu, chini -2. Mwanangu alidhani kimeharibika, tukarudia. Theluji mpya mara nyingi ni hewa zaidi ya asilimia 90, na hewa iliyonaswa haipitishi joto upesi. Udongo umejifunika blanketi. Theluji ikikanyagwa, blanketi hilo hupungua nguvu. Pimeni njiani pia mlinganishe.

Hatua ya 3. Baada ya dhoruba, izunguke nyumba. Joshini, yaani upande unaopigwa na upepo, upepo umekwangua hadi nyasi zinaonekana. Demani, upande uliokingwa, kuna tuta la theluji. Upepo ukipunguza mwendo hutua mzigo. Ndiyo sababu uzio wa theluji hujengwa mbali na barabara: theluji idondoke kabla ya kufika kwenye lami.

Na ukiona paa la nyumba lina kipara wakati ya jirani yamejaa, joto la ndani linavuja hapo.

MASWALI

Mwalimu, upepo ukivuma kipimajoto kitashuka zaidi?
Hapana, dada. Kikiwa kikavu hakishuki chini ya joto la hewa. Upepo hukufikisha huko haraka tu, kwa kuondoa hewa vuguvugu iliyoshika ngozi yako. Funika masikio ya watoto.

Shikamoo mwalimu. Huku Makete hatuna theluji, ila jalidi ya Juni inaunguza viazi. Somo linanihusu?
Marahaba. Hatua ya 1 ni yako kabisa. Jioni tulivu yenye nyota, tandika nyasi kavu juu ya tuta moja, jingine uliache wazi, asubuhi ulinganishe. Angalia na bondeni: hewa baridi ni nzito, hutiririka chini kama maji, kwa hiyo viazi vya huko huungua kwanza.