Waranti ya nyongeza kwa lori jipya: mambo ya kuzingatia kabla ya kutia saini

Mtu anayenunua kichwa kipya cha lori Dar es Salaam kwa mkopo wa benki hutia saini makaratasi mengi kwa siku moja, na waranti ya nyongeza, yaani ahadi ya kulipiwa kasoro za lori kwa muda zaidi ya ule wa waranti ya awali, mara nyingi huwa ya mwisho kuwekwa mezani, wakati mnunuzi amekwisha choka na mawazo yake yote yako kwenye funguo. Muuzaji humweleza kwamba akiongeza kiasi fulani cha fedha, ambacho benki inaweza kukiingiza ndani ya mkopo, lori lake litalindwa kwa miaka mitatu badala ya mmoja. Maelezo hayo yanaweza kuwa kweli tupu au nusu ya ukweli, na tofauti yake imeandikwa kwa herufi ndogo. Kwa kuwa injini au giaboksi moja ikifa inaweza kuiangusha kabisa biashara ya mtu mwenye lori moja, nashauri mkataba wa waranti uombwe angalau wiki moja kabla ya siku ya malipo, usomwe nyumbani kwa utulivu, na usomwe pamoja na fundi anayeaminika pamoja na dereva atakayelishika lori hilo.

Jambo la kwanza kulipima ni kilomita, kwa sababu kwenye malori ya masafa marefu miaka haina maana kubwa. Waranti nyingi huandikwa kwa vipimo viwili, muda na umbali, pamoja na maneno kwamba kitakachotangulia ndicho kitakachofunga. Chukua mfano wa waranti ya miezi 12 au kilomita 100,000. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma, mpakani na Zambia, ni takribani kilomita 930, hivyo kwenda na kurudi ni karibu 1,860. Lori linalofanya safari tano za namna hiyo kwa mwezi hutembea kilomita 9,300, na kufikia mwisho wa mwezi wa kumi na moja limekwisha kuvuka 100,000. Linalokwenda Lubumbashi, nchini Kongo, hutembea zaidi ya kilomita 2,000 kwa upande mmoja, ingawa foleni za mipaka ya Tunduma na Kasumbalesa hulipunguzia idadi ya safari. Sasa mtu akiuziwa nyongeza ya "miaka mitatu" yenye kikomo cha kilomita 200,000, kwa mwendo huo wa Tunduma amenunua ulinzi usiofikisha hata miaka miwili. Kabla ya kuulizia bei, mnunuzi apige hesabu ya kilomita za lori lake kwa mwezi, azidishe kwa miezi ya mkopo, kisha atafute waranti inayokaribia jumla hiyo. Kwa maoni yangu, kipimo sahihi cha urefu wa waranti ni siku ya rejesho la mwisho la benki, kwa kuwa hatari kubwa kuliko zote ni lori kukaa juu ya mawe huku deni likiendelea kudai kila mwezi.

Hesabu hiyo haitasaidia kitu iwapo mnunuzi hajui saa inaanza kuhesabu lini. Kuna mikataba inayoanza siku ya kukabidhiwa lori, na kuna inayoanza siku lori lilipouzwa na kiwanda kwa wakala, hata kama baadaye lilikaa yadi kwa miezi. Kichwa kilichosimama yadi miezi minne kinaweza kumfikia mwenyewe kikiwa na miezi minane tu ya waranti ya awali. Vilevile iulizwe kama nyongeza inaanza pale ya awali inapoishia, au zote mbili zinaanza pamoja. Katika hali ya pili, "miaka mitatu" ni miwili tu ya kulipia, kwa sababu mmoja ulikuwa haki ya mnunuzi tangu mwanzo. Tarehe ya kuanza, tarehe ya kwisha, kilomita za kwisha na namba ya chasisi viandikwe kwenye karatasi yenyewe, na namba hiyo ilinganishwe na iliyogongwa kwenye lori na iliyo kwenye kadi.

Baada ya muda huja swali la nani atakayelipa. Waranti ya nyongeza inaweza kutolewa na kiwanda chenyewe, na wakala aliyeuza, au na kampuni nyingine ambayo haikutengeneza lori wala kuliuza. Ya kiwanda ndiyo ninayoiamini zaidi, kwa kuwa wakala akipoteza uwakala au akifunga ofisi, kiwanda bado kipo na ahadi yake haifi pamoja na wakala huyo. Ya wakala ina uzito sawa na uzito wa wakala mwenyewe, basi aangaliwe amefanya kazi miaka mingapi, ana spea kiasi gani ghalani, na ana mafundi wangapi nje ya Dar es Salaam. Ya kampuni ya tatu, ikiwa nyuma yake ipo kampuni ya bima, mnunuzi ana haki ya kuuliza jina la kampuni hiyo ya bima na kuhakikisha kwamba ina leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, yaani TIRA. Anayekataa kulitaja jina hilo amekwisha jibu.

Kwa wenye malori ya transit, yaani yanayopeleka mizigo nchi jirani, kipengele kinachofuata ndicho kinachowaumiza wengi, nacho ni mahali waranti inapofanya kazi. Lori halichagui pa kuharibikia. Likizima Mpika au Serenje, ndani ya Zambia, je, wakala wa Lusaka au Ndola wa chapa hiyohiyo atalipokea kwa waranti iliyotolewa Tanzania, au atadai malipo ya taslimu kwanza? Na ng'ambo ya Kasumbalesa itakuwaje? Baadhi ya waranti za viwanda hutambuliwa na mawakala wote wa chapa hiyo, lakini nyongeza iliyouzwa na wakala wa nchi moja inaweza kuishia mpakani bila mwenye lori kujua. Jibu la mdomo halitoshi hapa. Iombwe orodha ya karakana zinazokubaliwa katika njia nzima, kisha simu ipigwe kwa mojawapo kabla ya kulipa, ili kusikia kama kweli wanaitambua. Iulizwe pia nani analipia kuvutwa kwa lori hadi karakana hiyo, na kwa umbali gani, maana kulivuta lori lenye trela na mzigo kutoka katikati ya pori kunaweza kugharimu zaidi ya spea iliyoharibika.

Kuhusu vinavyolindwa, mikataba iko ya aina mbili. Mmoja hutaja vifaa vinavyolipiwa, na kisichotajwa hakimo. Mwingine hutaja visivyolipiwa, na kilichobaki chote kimo. Wa pili ni bora lakini ni ghali. Mwenye kununua wa kwanza asome orodha akiwa na fundi, na wasiridhike na neno "injini" peke yake, kwani injini ya leo ina tabo, injekta, pampu ya shinikizo kubwa, vihisi na kompyuta yake, na kila kimoja kinaweza kuwa kimeachwa nje. Hali ni hiyohiyo kwa giaboksi za otomatiki, ambazo sehemu yake ya umeme huharibika huku giya zenyewe zikiwa nzima. Klachi, lainingi za breki, tairi, betri, filta na belti ni vitu vya kulika na karibu kila mkataba huviacha. Hilo ni la haki. Trela nalo lina mtengenezaji wake, na waranti ya kichwa hailigusi. Siku za kazi zilizopotea na mzigo uliochelewa pia havilipwi, na mnunuzi akijua hivyo mapema atajiwekea akiba yake mwenyewe badala ya kugombana baadaye.

Yapo mambo mawili ya fedha yaliyofichika ambayo yanafaa kuulizwa hapohapo. La kwanza ni kiasi ambacho mwenye lori atachangia kwa kila dai, pamoja na kikomo cha jumla ambacho mtoa waranti hatakivuka. La pili ni gharama ya kufungua injini ili kutafuta chanzo. Mafundi wakiifungua na kuamua kwamba kosa halimo katika waranti, mwenye lori hudaiwa kazi ya kufungua na kufunga, na akishindwa kulipa, lori hubaki kwao likiwa vipande. Kiwango cha gharama hiyo kijulikane kabla.

Sasa nifike kwenye masharti, ambako waranti nyingi hufia. Mtoa waranti hulipa kasoro ya utengenezaji, halipii matumizi mabaya, na ni yeye anayetangulia kusema lipi ni lipi. Kinachoweza kumbadilisha mawazo ni kumbukumbu. Kila sevisi ifanyike ndani ya kilomita zilizoandikwa, kwa oili ya daraja lililotajwa na filta halisi, kisha kitabu kigongwe mhuri na risiti ihifadhiwe. Sevisi iliyochelewa kwa kilomita 3,000 kwa sababu lori lilikuwa kwenye foleni ya mpaka inaweza kutosha kulifuta dai la injini, kwa hiyo mkataba uulizwe unaruhusu kuchelewa kiasi gani. Kama sevisi inaweza kufanywa na gereji ya kawaida kwa vifaa halisi, ruhusa hiyo iwe kwa maandishi.

Mafuta yana kesi yake. Utaratibu wa kuweka vinasaba katika mafuta, yaani kemikali maalumu ya kuyatambulisha, ulianzishwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, mwaka 2010 ili kukabili uchakachuaji, na wenye malori wanajua kwa nini ulihitajika: dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa hupoteza ulainishaji, na pampu na injekta husagika mapema. Dizeli ya madumu inayouzwa kando ya barabara huweza kuwa na maji na uchafu pia. Fundi wa wakala akikuta maji kwenye injekta, dai limekwisha, hata kama ni kweli injekta ilikuwa na kasoro tangu kiwandani. Risiti za vituo vya mafuta, zikipangwa kwa tarehe, ndizo zitakazomtetea mwenye lori.

Uzito nao una pande mbili zinazochanganywa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza tarehe 1 Machi 2019, inaweka ukomo wa juu wa tani 56 kwa lori, trela na mzigo pamoja. Lakini kiwanda nacho kimeweka kiwango chake cha uzito ambao kichwa kile kinaruhusiwa kuvuta, na kiwango hicho kinaweza kuwa chini ya kile cha sheria. Lori linaweza kupita salama mizani ya Vigwaza, Mikese na Makambako, na bado likawa limevunja sharti la waranti. Kibao cha kiwanda kilicho kwenye lori kisomwe kabla ya kununua, kilinganishwe na mzigo unaokusudiwa, na tiketi za mizani zitunzwe.

Tena kompyuta ya injini huweka kumbukumbu ya kilichofanyika barabarani: mwendo, joto, na mizunguko ya injini iliyopita kiasi. Lori linaporudi na shaba likashuka mlima Kitonga kwa giya ndogo kupita kiasi, uzito husukuma injini izunguke kuliko ilivyoundwa, na kumbukumbu hiyo hubaki hata baada ya miezi. Mafundi wa wakala wataisoma siku ya dai. Marekebisho ya baadaye huleta shida ileile: tanki la ziada la mafuta, springi zilizoongezwa, au kifaa cha kufuatilia lori kilichounganishwa kwa kukata nyaya za kiwandani. Kila rekebisho liombewe idhini ya maandishi, hata lile linaloonekana dogo.

Kuhusu bei, siamini kwamba kila mtu anahitaji waranti ya nyongeza. Mwenye malori kumi anaweza kuweka kando fedha ambayo angelipa kwa kila lori na kujilipia matengenezo mwenyewe, kwa kuwa si rahisi injini zote kumi kufa mwaka mmoja. Mwenye lori moja hana mgawanyo huo. Kwake nyongeza inayolinda injini, giaboksi na difu, iliyotolewa na kiwanda na kutambuliwa nje ya mpaka, inaweza kustahili bei hata kama ni kubwa. Ila ikiingizwa kwenye mkopo hulipiwa riba kwa miaka yote, kwa hiyo bei ya kulinganisha ni ile ya mwisho pamoja na riba. Aulize pia kama inaweza kununuliwa baadaye, kabla ya ile ya awali kwisha, na kama itahamia kwa mnunuzi mwingine akiliuza lori.

Ikumbukwe kwamba hata pasipo nyongeza, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, humpa mnunuzi kinga fulani kuhusu ubora wa bidhaa na kufaa kwake kwa kazi iliyoelezwa kwa muuzaji. Ndiyo maana ni vema kumwandikia muuzaji barua kabla ya kununua, ukieleza njia, mzigo na uzito unaokusudiwa, na kubaki na nakala iliyopokelewa kwa mhuri.

Mkataba ukishatiwa saini, nakala moja ikae ofisini na karatasi moja fupi ya Kiswahili ikae ndani ya kabini, yenye namba ya chasisi, simu ya kutoa taarifa, na muda ambao taarifa lazima itolewe, ambao wakati mwingine ni saa chache tu. Dereva aelekezwe kwamba taa ya oili au ya joto ikiwaka azime injini palepale, apige picha ya dashibodi ikionyesha kilomita, na asimruhusu fundi wa njiani kufungua kitu chochote kabla hajampigia simu tajiri wake, yaani mwenye lori. Naye tajiri asimlazimishe kusogea "hadi mji unaofuata", kwa kuwa kilomita hizo chache zitaonekana kwenye kompyuta.