Kusema "kimejaa pomoni" kwa Kiingereza

Nimetoka kusahihisha insha ya mdogo wangu, kila kitu humo ni "very full". Badala yake andika "chock-full of", kisha utaje kilichojaa: "The basket was chock-full of mangoes." Neno hilo, kama pomoni au furifuri, lina ukomo ndani yake, kwa hiyo usiliongezee "very". Angalia tahajia: ni "chock", si "chalk" ya chaki. Ndugu yake "chock-a-block" hufuatwa na "with", nami nalipenda zaidi kwa asili yake. Lilitoka kwa mabaharia: kapi mbili, yaani vigurudumu vya kupitishia kamba, zikivutwa hadi zikagusana, hakuna tena nafasi ya kuvuta. Ndiyo maana linafaa sana kwa barabara yenye foleni isiyosogea.

Maneno haya mawili yanakwama wapi? Kwenye barua ya kazi au ripoti rasmi, kwa sababu yote mawili ni ya mazungumzo. Hapo "full" peke yake inatosha. Na kikombe cha chai kilichojaa fara ni "full to the brim", maana "brim" ni ukingo wa chombo.