Je, .375 H&H inatosha kwa nyati? Namna ya kuamua na kujiandaa

Ubishi kuhusu .375 H&H Magnum na nyati ni wa zamani kuliko wengi wanaoubishania. Risasi hii, yenye kichwa cha kipenyo cha inchi 0.375 (karibu milimita 9.5), ilitolewa na Holland & Holland, watengenezaji bunduki wa London, mwaka 1912, na hadi leo ni kawaida kuikuta kwenye kambi za uwindaji wa kitalii nchini Tanzania. Kuna wanaosema inaua kila mnyama, kuanzia swala hadi tembo. Kuna wanaosema kwa dume la kilo 700, chochote kilicho chini ya .416 ni kujitafutia balaa. Jibu ni kwamba inatosha, ila kwa masharti matatu: kichwa cha risasi kiwe sahihi, umbali usizidi mita 100, na mpigaji awe ameizoea bunduki yake. Likikosekana moja, hata .458 haitamsaidia.

Anza na sheria, maana inamaliza nusu ya ubishi. Tanzania inataka bunduki ya kuwindia wanyama hatari kama nyati iwe na kipenyo kisichopungua .375. Kwa hiyo anayekuja na .30-06 au .300 Winchester Magnum akidai ina nguvu ya kutosha hana hoja ya kuendelea nayo. Hizo atazitumia kwa kongoni, pundamilia na palahala. Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977, na huko hakuna la kujadili.

Namba zenyewe zinasema nini

Risasi ya kawaida ya .375 H&H ina kichwa cha greni 300, yaani gramu 19.4, kinachotoka mtutuni kwa mwendo wa takriban mita 770 kwa sekunde. Zidisha uzito kwa kilo mara mwendo mara mwendo, kisha gawa kwa mbili: unapata karibu jouli 5,750. Mita 100 mbele mwendo umeshuka hadi kama mita 700, na nguvu iliyobaki ni karibu jouli 4,750. .30-06 yenye greni 180 inaanza na jouli 3,950 palepale mtutuni. .416 Rigby ya greni 400 inafika karibu 6,900, na .458 Winchester Magnum ya greni 500 iko kwenye 6,600 hivi.

Ila jouli peke yake hazimwangushi nyati. Kinachomwangusha ni tundu linalopita ngozi nene, bega na mbavu pana zilizokaribiana, hadi kwenye moyo na mapafu yote mawili. Hapo angalia uzito wa kichwa ukilinganisha na eneo lake la mbele. Kichwa cha .375 cha greni 300 kina gramu 0.27 kwa kila milimita mraba. Cha greni 270 kina 0.245, karibu sawa na cha .30-06 cha greni 180. Ndiyo maana kwa nyati tunasema greni 300 na si pungufu. Wanaonunua greni 270 kwa sababu "inakwenda mbali zaidi" wanatatua tatizo ambalo nyati hana. Hapigwi akiwa mita 250.

Katika mjadala huu jina la mwindaji wa tembo W. D. M. Bell halikosekani. Aliwinda Karamoja, Uganda, na kwingineko mwanzoni mwa karne ya 20, akaua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ya 7×57 (kipenyo cha milimita 7) ambayo ni ndogo kuliko .30-06. Hilo ni kweli. Lakini Bell alitumia vichwa vizima visivyotanuka, aliyasoma mafuvu ya tembo hadi akajua ubongo umekaa wapi kwa kila pembe, na alikuwa mpigaji wa kiwango ambacho wengi hawakifikii. Kumtumia kama ushahidi kwamba kipenyo hakina maana ni kumsoma nusu.

Kuua na kusimamisha

Hapa ndipo wabishi wengi wanapopishana bila kujua. Kuua ni kupiga nyati aliyetulia, umbali wa mita 60, amekuonyesha ubavu, na una sekunde kadhaa za kulenga. Kwa kazi hiyo .375 ni bora kuliko nyingi zilizo kubwa kuliko yenyewe, kwa sababu wengi wanaweza kuipiga vizuri. Bunduki ya kilo 4 ikipiga .375 inasukuma bega kwa karibu jouli 50, mara mbili ya .30-06. .416 Rigby inakaribia 80. Mpigaji anayefumba macho kabla ya kuvuta kifyatulio atampiga nyati tumboni, na nyati aliyepigwa tumboni kwa .458 ni hatari kuliko aliyepigwa moyoni kwa .375.

Kusimamisha ni jambo lingine. Nyati aliyejeruhiwa ametoka kichakani mita 10 mbele yako, kichwa kimeinuka, na mwili wake umejaa joto la hasira kiasi kwamba tundu la mapafu halitamzuia ndani ya muda uliobaki. Anasimama kwa ubongo au uti wa mgongo tu. Risasi ya .375 ikipita sentimita chache pembeni, hashtuki. .458 au .470 ikipita palepale inaweza kumyumbisha au kumpiga magoti, na hiyo sekunde moja ndiyo ya risasi ya pili. Kwa hiyo ukimwona mwindaji bingwa, yaani mtaalamu anayemwongoza mteja, amebeba .470 huku akimshauri mteja wake abebe .375, hajipingi. Wana kazi mbili tofauti.

Softi au solidi

Kambini vichwa hugawanywa mafungu mawili. Softi ni kichwa kinachotanuka kikiingia mwilini na kufungua tundu pana. Solidi ni kichwa kizima cha shaba, au chenye kiini kilichofunikwa kwa ganda gumu la chuma; hakitanuki, kinapenya kwa kina. Kwa nyati, weka softi ya kwanza na solidi zinazofuata. Sababu ni kwamba nyati mara nyingi yuko kundini. Solidi inaweza kumtoboa dume unayemtaka, ikatoka upande wa pili na kumjeruhi jike aliyesimama nyuma yake. Mnyama aliyejeruhiwa anahesabiwa kama ameuawa, na ada yake utailipa. Risasi ya pili na kuendelea hupigwa nyati akiwa anaondoka au amekugeuzia mgongo, na hapo unahitaji kichwa kinachopita matumbo yaliyojaa majani hadi kufika kifuani.

Softi isiwe ya bei nafuu yenye ganda jembamba. Hiyo inapasuka kwenye mfupa wa bega na kuacha kidonda kipana kisichofika kwenye mapafu. Chagua softi ambayo kiini chake kimeunganishwa na ganda lake, au ya shaba tupu inayochanua.

Jambo moja la kupima mapema: softi na solidi zipige mahali pamoja. Piga tatu za kila aina kwenye karatasi moja, mita 50. Zikipishana zaidi ya sentimita 5, badilisha aina ya solidi; usijidanganye kwamba utakumbuka kusahihisha mbele ya nyati.

Kuiweka bunduki sawa

Darubini iwe ya ukuzaji mdogo, 1 hadi 4 au 1.5 hadi 5. Kubwa zaidi ya hapo, kwenye vichaka utaona manyoya meusi tu bila kujua ni bega au paja. Umbali kati ya jicho na kioo usipungue sentimita 9, la sivyo ukingo wa darubini utakupasua nyusi.

Rekebisha shabaha mita 100. Ukiwa na greni 300, mita 50 risasi itapiga karibu mahali palepale, tofauti isiyofika sentimita 1, kwa hiyo ndani ya umbali wa nyati hakuna hesabu ya kufanya. Mita 200 itashuka sentimita 15 hadi 20, na hilo litakuhusu ukimlenga pofu kwenye mbuga ya wazi.

Kisha jaza magazini na uchezeshe bolti, yaani komeo linaloingiza na kutoa risasi, kwa nguvu, risasi zote hadi ziishe. Ganda la .375 H&H (lile linalobeba baruti, si la kichwa) limechongoka taratibu, ndiyo maana linaingia na kutoka kirahisi; hiyo ni sifa yake kubwa isiyosemwa vya kutosha. Lakini solidi yenye pua bapa inaweza kugota kwenye mdomo wa chemba, mahali risasi inapokaa kabla ya kupigwa. Ikigota mara moja, ipeleke kwa fundi. Kosa jingine ni la mpigaji: kutovuta bolti hadi mwisho. Ganda lililotumika linatoka, risasi mpya haichukuliwi, na kifyatulio kinalia "tik" kwenye chemba tupu. Dawa yake ni kurudia kitendo hicho nyumbani kwa risasi bandia, bunduki ikiwa begani, bila kuishusha.

Kwenye uwanja wa shabaha usikae mezani siku nzima. Ukishaweka shabaha sawa, simama, tumia fimbo tatu za kuegemezea kama utakavyofanya porini, na piga sahani ya sentimita 15 iliyo mita 60. Kipimo chetu ni risasi tatu ndani ya sekunde 15, zote zikiigusa sahani. Usizidishe risasi 10 kwa siku. Baada ya hapo bega linaanza kuogopa na unajifunza kushtuka. Mwombe mwenzako achanganye risasi bandia kwenye magazini bila wewe kujua iko wapi. Mtutu ukiinama kifyatulio kinapolia bila mlipuko, tatizo ni lako, na bunduki kubwa zaidi italizidisha.

Mahali pa kulenga

Moyo wa nyati umekaa chini, theluthi ya chini ya kifua, kati ya miguu ya mbele. Aliyezoea kulenga nyuma ya bega, katikati ya mwili, atapiga mapafu ya nyuma, au mbaya zaidi, ini na tumbo. Akiwa amekupa ubavu, fuata mstari wa katikati wa mguu wa mbele ulio upande wako, panda hadi theluthi moja ya kimo cha kifua, piga hapo. Ukikosea juu kidogo una mapafu na mishipa mikuu. Ukikosea mbele kidogo una bega.

Akiwa amekaa mshazari, usilenge upande unaouona. Fikiria mguu wa mbele wa upande wa pili, na ulenge ili risasi itokee hapo. Akikutazama uso kwa uso na kichwa kimeinuka, lenga katikati ya kifua chini ya shingo. Paji la uso la dume mzee limefunikwa na shina la pembe, achana nalo. Akikugeuzia mgongo na hajajeruhiwa, usipige kabisa. Mwache ageuke, au mwache aende.

Mgongo nao hudanganya. Nundu ya mabega imeinuka juu ya uti wa mgongo, kwa hiyo anayelenga juu akidhani anavunja uti hupiga nyama tu, na nyati huyo atatembea kilomita nyingi.

Baada ya risasi ya kwanza

Usinyanyue kichwa kutazama matokeo. Vuta bolti, lenga, piga tena maadamu bado amesimama na hakuna mnyama mwingine nyuma yake. Nyati aliyepigwa moyoni anaweza kukimbia mita 50 hadi 100 kabla ya kuanguka, na kukimbia huko hakumaanishi .375 imeshindwa.

Sikiliza. Nyati anayekufa mara nyingi hutoa mlio mrefu wa kukoroma, nao unatambulika. Usipousikia, subirini, mkijaza magazini kwa solidi. Kisha mwachie mfuata nyayo asome damu: nyekundu angavu yenye povu ni mapafu, nyeusi nzito ni ini, yenye majani na harufu kali ni tumbo. Kwa hiyo ya mwisho, mwindaji bingwa ndiye anayeamua nani anaingia kichakani, na kawaida mteja mwenye .375 hubaki nyuma yake au haingii. Mkimkuta amelala, msimkaribie kutoka mbele. Zungukeni nyuma, mpigeni risasi nyingine hata kama anaonekana amekufa, ndipo mguse jicho kwa fimbo ndefu.

Lini uiache .375

Kwa tembo, .375 yenye solidi inaua ikiwa mpigaji anaujua ubongo ulipo, lakini nafasi ya kukosea ni ndogo mno; .416 kwenda juu ni busara. Pia iache ikiwa utawinda msituni pekee, ambako nyati anaonekana mita 15 na kila risasi inakaribia kuwa ya kusimamisha. Kwa anayekuja na bunduki moja kwa safari ya nyati, pofu na wanyama wa kawaida, hatuoni ya kuizidi.

Beba softi 40 na solidi 20, zote za toleo moja la kiwandani na zilezile ulizopimia shabaha. Risasi 60 zina uzito wa karibu kilo 2.6, chini ya kilo 5 ambazo mashirika mengi ya ndege huruhusu, zikiwa kwenye sanduku lake. Ukiwa kitaluni usiziache juu ya dashibodi ya Land Cruiser: baruti iliyochemka juani inapandisha msukumo, na bolti inayofunguka kwa shida baada ya risasi ya kwanza ni tatizo usilolitaka mbele ya nyati.