Msimu wa mabibo na ufunguo wa bajaji: yajue haya kabla trafiki hajakusimamisha

Mikorosho ikianza kumwaga mabibo, kumiliki bajaji hapa Mtwara kunakuwa kazi nyingine. Uraka, ile pombe ya mabibo, unauzwa kila kona, hela za minada ya korosho zinawafikia wakulima, abiria wa jioni wanaongezeka, na dereva anajiambia glasi mbili hazina neno, eti ni maji ya matunda. Nina bajaji mbili zinazozunguka Chikongola, Magomeni na Ligula. Kijana yeyote kabla sijampa ufunguo namkalisha chini kwanza.

Jambo la kwanza ninalomwambia ni kwamba Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, haimtazami mwenye gari lake binafsi na dereva wa abiria kwa jicho moja. Mwenye gari binafsi kikomo chake ni miligramu 80 za kilevi katika kila mililita 100 za damu. Wewe unayebeba watu kwa nauli, kikomo chako ni sifuri. Kwa hiyo habari za "mimi nikinywa mbili siyumbi" mwachie shemeji yako mwenye Noah ya familia, na hata yeye asijidanganye. Bia moja ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina karibu gramu 20 za kilevi. Mwanamume wa kilo 70 akinywa mbili harakaharaka na hajala, anaweza kuifikia ile 80. Mwanamke, au mwenye mwili mdogo, anaifikia mapema zaidi. Uraka ndio mbaya kuliko bia, maana chupa haina maandishi: wa asubuhi si wa jioni, unazidi kuchachuka kadiri unavyokaa kwenye dumu. Nipa, yaani gongo ya mabibo, siizungumzii. Hiyo imekenekwa, na anayeigusa kwangu hana kazi.

Sasa sikilizeni hesabu ya asubuhi, maana hapa ndipo vijana wanaponasa. Mwili unaondoa kilevi polepole, wastani wa miligramu 15 hivi kwa saa katika kila mililita 100 za damu. Kahawa, maji ya baridi, supu ya pweza, vyote havisogezi hesabu hiyo. Tuseme umeacha kunywa saa sita usiku ukiwa na 150. Saa kumi na mbili asubuhi, unapotaka kuwahi wanafunzi, bado una kama 60. Umelala, umeoga, umepiga mswaki, na kesi unayo. Mpaka ufike sifuri ni saa nne au zaidi. Ndiyo maana kwangu kuna sharti moja la hesabu, ile pesa ya kila siku unayoniletea: ukinipigia alfajiri ukasema "mama, jana nilikunywa", bajaji inabaki uani hadi mchana na hesabu ya nusu siku sikudai. Wamiliki wenzangu wananicheka. Wacheke, nusu siku ni rahisi kuliko wakili.

Ukisimamishwa, tuseme pale Mangamba au njia ya Mikindani, simama, zima injini, toa leseni, amkia. Askari akikuambia upulize kipima ulevi, puliza. Kukataa bila sababu ya msingi ni kosa lenyewe, kwa hiyo hujakwepa kitu. Omba kwa adabu uione namba iliyotokea, na uikumbuke pamoja na saa. Usitoe noti. Chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 mtoaji na mpokeaji wote wana kosa, na ulikuja na kesi moja. Ukiombwa wewe, namba ya TAKUKURU ni 113, haikatwi salio.

Kituoni una haki ya kumjulisha ndugu au wakili. Nipigie mimi pia, sitakugombeza siku hiyo. Maelezo yako yasome, au usomewe, kabla hujatia sahihi. Kama hukufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, suala la dhamana lazima litazamwe, na dhamana ya polisi ni bure. Mdhamini aje na kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa, atapunguza safari.

Mahakamani ndiko penye adhabu yenyewe. Hakimu anaweza kukutoza faini, kukufunga, au vyote viwili, na juu yake kukuzuia kuendesha kwa muda. Kwa dereva wa bajaji kunyimwa leseni ndiyo adhabu kubwa, kwani faini ndugu watakuchangia. Ukiendesha huku umezuiwa, hilo ni kosa jipya. Na ulevi ukiambatana na ajali iliyoua au kujeruhi mtu, unaingia kwenye kesi ya kuendesha kwa hatari, huko kuna miaka ya jela. Ukisomewa shitaka usijibu "ni kweli" ili muda uende tu. Uliza kile usichokielewa, na kama huna hela ya wakili, watafute wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Faini inalipwa kwa namba ya malipo ya serikali, risiti unaitunza.

Neno la wamiliki ni bima. Bima ndogo inamlinda mtu wa tatu aliyegongwa, lakini kampuni ikishamlipa inaweza kugeuka kukudai. Bima kubwa nayo kwa kawaida ina kipengele kinachoondoa fidia dereva akiwa amelewa. Kisome kwenye karatasi zako leo. Na ukienda kituoni kuitoa bajaji, chukua kadi halisi na nakala zake, maana ukienda na nakala pekee utarudishwa nyumbani.