Jinsi ya Kuweka Nyumba Wakfu Mombasa

Nyumba nyingi za Mji wa Kale, pamoja na maduka yaliyo chini yake, ni wakfu, yaani mali iliyotolewa kwa ajili ya Mungu, isiyouzwa wala kurithiwa tena. Kodi yake hutia msikiti mafuta na rangi, au hulisha mayatima. Ukitaka na yako iingie humo, fuata njia hii, wala usianze na wakili.

Anza na ardhi. Mombasa tuna nyumba bila kiwanja: umejenga mtaa wa Majengo, kuta na paa ni zako, lakini kila mwezi unamlipa mwenye kiwanja. Nyumba hiyo waweza kuitoa, ila asiyemiliki kiwanja hawezi kukiweka wakfu, na mwenye kiwanja akikitaka siku moja, msikiti ndio utakaosumbuka. Nenda ofisi ya ardhi ukafanye sachi rasmi, yaani kupekua daftari la ardhi, uone hatimiliki ina jina la nani. Ikiwa bado ni la marehemu babu, maliza kwanza mirathi kwa Kadhi. Hapa ndipo nia njema nyingi zinapokwama miaka.

Kisha chagua aina. Wakfu wa kheri ni wa msikiti, madrasa, maskini, makaburi. Wakfu wa jamaa hufaidi kizazi chako kwanza. Huu wa pili mahakama za Mwingereza ziliukataa, zikifuata hukumu iliyotolewa London mwaka 1894 katika kesi ya Bara Hindi, hadi sheria ya mwaka 1951 ilipoukubali hapa Kenya, mradi mwisho wake uangukie maskini au jambo jingine la kheri. Sheria mpya ya mwaka 2022 ndiyo inayotumika sasa, na Tume ya Wakfu makao yake ni hapa hapa Mombasa.

Kaa na sheikh unayemwamini kabla ya kuandika lolote. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi pwani, huwezi kujiwekea wakfu mwenyewe ukaendelea kula kodi mpaka ufe. Ukiuweka kwa wasia, au ukiwa kwenye maradhi ya mauti, hauvuki theluthi ya mali ila warithi waridhie. Na ukishatoa, umetoa, hurudishi.

Sasa waraka wenyewe. Mimi nasema hapa ndipo pa kutumia muda wako, maana fujo zote za wakfu nilizosikia zilianzia kwenye sentensi moja iliyoandikwa ovyo. “Kwa ajili ya msikiti” haitoshi. Andika hivi, na mutawali ni msimamizi wa wakfu:

“Kodi itatengeneza nyumba hii kwanza, isije ikabomoka. Itakayobaki itaendea maji, umeme na mshahara wa imamu wa msikiti uliotajwa hapo juu. Msikiti huo ukikosekana, itakwenda kwa maskini Waislamu wa Mombasa. Mutawali wa kwanza ni fulani. Akifa au akishindwa, atafuata fulani. Baada yao, Tume itateua.”

Watu huruka ile sehemu ya mwisho, ya mutawali wa tatu atakayeteuliwa na Tume. Usiiruke. Mtoto wa mutawali aliyezoea kushika kodi ya duka huanza kuliita duka letu, na wapangaji wanamwamini. Taja pia ujira wake, hata ukiwa mdogo. Anayefanya kazi bure hujilipa mwenyewe kimyakimya.

Tia sahihi mbele ya mashahidi, pamoja na wakili. Kama ni nyumba ya ndoa, mwenzako lazima aridhie kwa maandishi. Beba hatimiliki, kitambulisho, namba yako ya mlipa kodi ya KRA (mamlaka ya mapato), na cheti cha kaunti kuonyesha hudaiwi kodi ya ardhi. Deni la kaunti lilipwe kabla, usiutwishe wakfu.

Peleka waraka na nakala kwenye Tume usajiliwe, halafu ofisi ya ardhi ili daftari la hatimiliki libadilike. Hatua hii ya mwisho wengi huiacha, na baada ya miaka ishirini jina la marehemu likiwa bado lipo, wajukuu huja na mnunuzi.

Baada ya hapo waite wapangaji, wape barua inayosema kodi ya mwezi ujao apewe nani. Mkabidhi mutawali kitabu cha risiti chenye nakala, na akaunti ya benki kwa jina la wakfu, si lake. Nakala ya waraka mpe pia imamu.