Kufuatilia sheria za kazi ukiwa na wafanyakazi Minnesota na North Dakota

Jumamosi nimekaa na mdogo wangu mmoja hapa Moorhead, Minnesota, mpaka chai ikapoa mara tatu. Kafungua kampuni ya usafi wa maofisi, ana watu sita, na 2023 alimlipa mtu amwandikie kitabu cha kanuni za wafanyakazi, basi anaona kamaliza. Nikamwambia sheria zimebadilika tangu hapo, hicho kitabu kwa sasa ni cha kufungia maandazi. Alivyoondoka nikaona bora niandike maana nyie wengine mtaniuliza hayohayo. Usajili wa kampuni na namba ya kodi naamini mnavyo, sivirudii.

Hatua ya 1: Andika kila mtu anafanyia kazi wapi

Hapa ndipo nilipotoka jasho. Moorhead na Fargo ya North Dakota katikati ni mto tu, unavuka daraja umefika. Nilikuwa na mama mmoja anakaa Fargo, nimemwajiri Fargo, karatasi zake zote za North Dakota, kichwani kwangu huyo ni mtu wa North Dakota basi. Kumbe Jumanne na Alhamisi jioni ndiye anayesafisha kliniki ya meno upande wa Moorhead, masaa manne manne, na niliyempanga huko ni mimi mwenyewe! Nane kwa wiki, wiki kumi tu ni themanini, na Minnesota tangu tarehe 1 Januari 2024 inasema mtu unayetarajia afanye angalau masaa 80 kwa mwaka ndani ya jimbo ana haki ya likizo ya ugonjwa yenye malipo, saa 1 kwa kila masaa 30, mpaka 48 kwa mwaka. North Dakota hawana sheria hiyo. Siku mtoto wake kaugua akaniuliza, dada, mimi sina siku za kuuguza? Nikamjibu bila hata kupepesa macho kwamba hana.

Baadaye roho ikanisuta nikaenda kusoma. Usiku mzima wa Jumapili niko chini kwenye zulia na karatasi za masaa za wiki 60, nyingine kaandika "meno" tu, sasa meno ya wapi, maana Fargo nako tulikuwa na daktari wa meno! Ikatoka masaa 480, yaani masaa 16 ya likizo niliyomnyima. Na nilikuwa na bahati karatasi zilikuwepo, kwa sababu kama huna rekodi Minnesota inakuhesabia masaa 48 kwa kila mwaka alafu inaongeza kiasi kilekile juu yake.

Kwahiyo fungua Excel, safu nne zinatosha: jina, anakoishi, sehemu aliyofanyia kazi, masaa. Jaza kila Ijumaa, usingoje mwisho wa mwezi utasahau. Zile aplikesheni za kulipia kila mwezi sizipendi, zinakuuliza "jimbo la mfanyakazi" mara moja tu siku ya kuajiri na ndio kosa lenyewe nililofanya.

Msichanganye na kodi pia. Haya majimbo mawili yana makubaliano, anayeishi Fargo na kufanya kazi Moorhead anajaza fomu MWR, kila mwaka upya, kodi ya mapato ya mshahara wake inaenda North Dakota. Watu wakishaona hivyo wanadhani na sheria za kazi zimemfuata nyumbani. Hapana, kodi inafuata kitanda, sheria za kazi zinafuata ufagio. Na bima ya kuumia kazini ni kivyake tena: Minnesota unanunua kampuni binafsi, North Dakota lazima WSI, shirika la jimbo, hakuna mwingine.

Ukipata kazi Minneapolis andika mpaka mji. Masaa 2 tu kwa wiki ndani ya mji yanatosha, kima cha chini cha mshahara unachofuata ni cha Minneapolis, sio zile dola 11.41 kwa saa za jimbo za 2026. North Dakota bado 7.25 ileile ya serikali kuu tangu 2009. Sheria zikigongana, fuata inayompa mfanyakazi zaidi: Minnesota ovataimu inaanza baada ya masaa 48 lakini ya serikali kuu ni 40, kwahiyo wengi wetu tunalipa kuanzia 40.

Hatua ya 2: Jiandikishe barua pepe za idara zenyewe

Idara ya kazi ya Minnesota, ya North Dakota, na WSI. Bure. Mambo ya kusikia kwenye group la WhatsApp achana nayo.

Hatua ya 3: Angalia tarehe mbili

Tarehe ya gavana kusaini na tarehe ya kuanza, ni vitu viwili. Likizo ya familia ya Minnesota ilisainiwa 2023, ikaanza 1 Januari 2026, mchango wa 2026 ni asilimia 0.88 ya mshahara na mwajiri alipe angalau nusu ya mchango huo (biashara ndogo ina unafuu, ulizia). Sheria ya Minnesota isiposema tarehe inaanza 1 Agosti. Kima kipya cha chini kinatangazwa kabla Agosti haijaisha, weka alamu ya simu.

Na sheria inaweza kufutwa. Missouri likizo ya ugonjwa ilipigiwa kura Novemba 2024, ikaanza 1 Mei 2025, tarehe 28 Agosti mwaka huohuo ikafutwa. Hata hii yetu ya Minnesota imeguswa 2024 na 2025. Mwanzoni masaa ya likizo yalitakiwa yaonekane kwenye hati ya mshahara, ila 2024 hiyohiyo wakaruhusu njia nyingine, bora mfanyakazi aweze kuyaona kila kipindi cha malipo kikiisha.

Hatua ya 4: Mabango ya ukutani

Yanapatikana bure kwenye tovuti za idara, chapa mwenyewe. Ile barua yenye nembo kama ya serikali inayodai ulipie bango au utapigwa faini, tupa.

Hatua ya 5: Mwanasheria

Mara moja kwa mwaka, Desemba, umpelekee Excel yako. Bila hiyo saa nzima ya kwanza ya hela yako itaisha anakuuliza nani anafanya kazi wapi.

Yule mama nilimlipa masaa yake na kumwomba radhi. Bado yupo Jumanne na Alhamisi, ila sasa anaandika "meno MN", kwa herufi kubwa kabisa.