Kutaja uraia na lugha kwa Kijerumani bila kukosea

Usijaribu kubuni jina la mwenyeji kutokana na jina la nchi. Mtu wa Kenia ni Kenianer, lakini wa Tansania ni Tansanier, wa Uganda ni Ugander, na wa Kongo ni Kongolese. Ni bora kila nchi uipe mstari wake daftarini wenye maneno manne: nchi, mwanamume, mwanamke, kivumishi. Kwa mfano: Tansania, Tansanier, Tansanierin, tansanisch.

Majina ya -er ni mepesi. Mwanamke huongezewa -in. Wanaume wawili ni zwei Kenianer, wanawake ni Kenianerinnen, kwa n mbili.

Kazi iko kwenye majina ya -e. Husema "Er ist Kongolese", lakini "Ich kenne einen Kongolesen" (namjua Mkongo) na "mit einem Kongolesen" (pamoja na Mkongo). Hiyo -n husahaulika sana, maana kwa Kiswahili Mkongo ni Mkongo tu, awe mtenda au mtendwa. Kwa mwanamke -e huondoka: Kongolesin. Wakati mwingine hata irabu hugeuka: Franzose, Französin.

Mjerumani mwenyewe ndiye mgumu kuliko wote, kwa sababu jina lake hubadilika kama kivumishi: ein Deutscher, der Deutsche, eine Deutsche, zwei Deutsche, die Deutschen. "Deutschin" haipo kabisa. Yakariri haya matano kwa sauti mpaka yatoke yenyewe.

Ukijitambulisha, acha eine au ein: "Ich bin Tansanierin." Kwenye fomu, penye Staatsangehörigkeit (uraia), jaza kivumishi: tansanisch, kenianisch. Ukisema unakotoka, nchi nyingi hazitaki kibainishi, yaani der, die au das (aus Kenia), ila ziko zinazokidai: aus der Schweiz, aus dem Kongo, aus den USA.

Lugha nyingi ni kivumishi kilekile kilichopewa herufi kubwa: Französisch, Englisch, Deutsch. Kiswahili ni Suaheli au Swahili, bila -isch. Hapa tunaponzwa na mazoea yetu: sisi huandika "gari la Kijerumani" kwa K kubwa, wao huandika "ein deutsches Auto" kwa d ndogo. Herufi kubwa ni ya lugha yenyewe: "Ich spreche Deutsch", "auf Deutsch". Ukitaja tafsiri, lugha hupata kibainishi, na Deutsch huongezewa -e: "aus dem Suaheli ins Deutsche".